Matairi ya Posa

Kama hujawahi kunusa barabara ya Gumuk mvua za mwanzo zikishuka, mshukuru Mungu wako na uendelee na chakula chako. Kule mteremkoni mwa mlima Merbabu kila nyumba ina ng'ombe, na kila ng'ombe ana kazi mbili: kutoa maziwa na kutoa kile kingine. Maziwa hupelekwa kituoni. Kile kingine husukumwa kwa ufagio hadi mtaroni, na mtaro ukishiba maji hukitapika chote juu ya lami. Tia humo mchanga unaodondoka kwenye malori yatokayo volkano ya Merapi, tia mafuta ya dizeli, koroga kwa magurudumu ya kijiji kizima. Katika supu hiyo ndimo Bu Lasmi, na 'Bu' kwetu ni mama, alimoteremka asubuhi na alasiri, mitungi miwili ya maziwa ikiwa ubavuni mwa pikipiki yake, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Na tazama utani wa Mungu. Katika wanawake wote wa Gumuk alimchagua mwenye kinyaa kuliko wote, ndiye akampa kazi hiyo. Bu Lasmi ni mtu wa kufuta mdomo wa glasi kwa upindo wa nguo hata akiwa nyumbani kwa mkuu wa kijiji. Harusini hagusi wali wa sinia; anakula ndizi, kwa kuwa ndizi imekuja na ganda lake. Koti lake la mvua alilifua kila Jumapili kwa sabuni na ndimu, na kufika Jumanne linanuka maziwa yaliyochacha kama kidevu cha ndama. Kazi aliirithi kwa mumewe alipofariki, na miaka yote hiyo hakuizoea. Wanaosema pua huzoea hawajakuwa na pua yake.

Sasa habari ya kuendesha pikipiki kwenye mvua, ngoja nikueleze, maana nakujua, utajifanya unajua. Breki ya mbele usiikamate kama unakamata mwizi. Iguse kama unavyogusa kichwa cha mtoto aliyelala. Usikanyage mstari mweupe kwenye kona, rangi ile ikilowa ni sabuni. Halafu ujue kwamba ujuzi wako wote, hata uwe fundi kama mimi, umesimama juu ya vipande viwili vya mpira visivyojaa kiganja. Mimi nimeteremka mlima ule wewe bado unafutwa kamasi, na sikuanguka hata mara moja mbele ya mashahidi.

Bu Lasmi aliyajua hayo. Mwaka huo matairi yake yalikwisha yakawa vipara, basi kabla ya mvua akaenda kwa Koh Liang, yaani Kaka Liang, Mchina mwenye duka la vipuri pale njia panda ya soko, akaanza kuyapapasa matairi kama anayechagua kuku. Akayakataa yale membamba kama minyoo, wanayoyapenda vijana wanaotaka kufa wakiwa wamependeza. Akayakataa yenye vinundu kama gunzi la hindi. Hayo ni ya shambani, juu ya lami iliyolowa husimama kwenye ncha za vidole kama mlevi anayecheza ngoma. Akashika yenye mifereji inayotoka katikati kwenda pembeni mithili ya miba ya samaki, ili maji yawe na pa kukimbilia. Akayabonyeza kwa ukucha kuona kama mpira ni laini. Akasoma namba za ubavuni kujua yalitengenezwa lini, kwa sababu mpira nao hukauka rafuni kama mkate.

"Niwekee haya, Koh," akasema. "Nitayachukua siku ya soko."

"Bu, umeyabonyeza mpaka yanaona aibu. Si uyachukue sasa hivi?"

"Siku ya soko."

Kabla ya siku ya soko ikaja posa.

Binti yake Retno, fundi cherehani, alikuwa amependana na Danang, mtoto wa Pak Darsono, na 'Pak' ni baba. Na Pak Darsono alikuwa na karakana pale chini barabarani, akichonga matairi. Yaani anachukua tairi lililokwisha, kipara kama goti, anapasha kisu moto, kisha anakata meno mapya ndani ya mpira ule ule kiduchu uliobaki. Matairi ya batiki, ndivyo tunavyoyaita. Wachongaji wengine hukwaruza mistari tu, wanakuaga. Pak Darsono alikuwa mtu wa sanaa. Alichonga mapanga yaliyolala mshazari, akachonga maua ya petali nne kama ya vitambaa vya wakubwa wa mji wa Solo. Kazi nzuri, sikatai. Lakini ukimchanja babu yako mashavuni hujamrudisha ujana.

Wakaja upande wa bwana harusi na masinia yao. Kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa umbo la tausi, kulikuwa na sabuni, keki, viatu, ndizi. Sinia la mwisho lilibebwa na wanaume wawili, la mama wa bibi harusi, na juu yake yamelala matairi mawili ndani ya nailoni inayong'aa, yamefungwa utepe wa dhahabu na kuvishwa shada la asmini.

"Kazi ya mikono yangu, Bu," Pak Darsono akasema, kichwa ameinamisha. "Utusamehe, ni kitu duni tu."

"Inggih, Pak," akajibu Bu Lasmi. Hiyo ni 'ndiyo' ya kwetu, 'ndiyo' inayopiga magoti. "Ni mazuri mno. Hatustahili."

Kupitia nailoni aliona kisu kilikofika: chini ya ua moja nyuzi za tairi zilichungulia kama mbavu za mbwa wa sokoni. Asmini ilinukia, na chini ya asmini mpira ulioungua ulinuka.

Jirani yake Bu Parti akamsogelea sikioni. "Wenzio wanaletewa dhahabu, Lasmi. Hicho utakivaa shingoni au kiunoni?"

"Kula keki yako, Parti."

Wageni walipoondoka, Retno akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, usije ukayafunga yale."

"Nisiyafunge? Mlango wa karakana yake unatazama barabara, na mimi napita pale kila siku ya Mungu. Yule mzee hatazami watu usoni, anatazama matairi yao. Akiona nimevaa ya dukani, ya kwake yako wapi?"

"Basi mwambie ukweli."

"Nimwambie zawadi yako ya posa ni uchafu, halafu nimkabidhi binti? Neno hilo likitoka mdomoni mwangu, mwanangu, wewe utazeeka na cherehani yako."

"Kwa hiyo uvunjike shingo ndiyo mimi niolewe."

"Nitaendesha polepole," akasema Bu Lasmi, akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Basi akayafunga. Kijiji kikayaona, kikasifu. Na mvua ikaanza.

Ukitaka kujua tairi la batiki kwenye mvua, mtazame nyati akishuka ukingo wa mto: mbele anakwenda, matako yanakwenda kwingine. Bu Lasmi aliteremka miguu yote miwili iko chini kama bata, visigino vinalima ile supu, na supu inaingia kwenye buti kwa juu, inatuama katikati ya vidole, vuguvugu. Watoto wa shule walimpita kwa miguu. Kituoni mpimaji wa maziwa alifunua mtungi, akanusa, akakunja uso.

"Bu Lasmi, ukichelewa hivi tena utatuletea jibini."

Lakini uvundo uliomkera kuliko wote haukuwa wa barabarani. Kila asubuhi, mvua isiwe mvua, Pak Darsono alikuwa amesimama nje ya karakana, kiganja kifuani, mdomo wazi, macho kwenye matairi. Tazama linavyojivuna hilo zee, Bu Lasmi aliwaza. Jioni akirudi, mzee humwita:

"Vipi matairi, Bu?"

"Inggih, Pak. Yanashika kama mjusi ukutani."

Akishakata kona, anasimama, anatema mate. Si kwa ajili ya mzee. Alikuwa anautema ule utamu uliobaki ulimini. Mwanamke asiyeweza kunywa kwenye glasi ya mwenzake alikuwa anameza uongo huo kila jioni, na bado anasema asante.

Ikafika Ijumaa moja, Pak Darsono akapanda Gumuk kuja kuhesabiwa siku njema ya harusi kwa kalenda ya wazee. Danang ndiye aliyemleta, kisha akawahi kazini. Siku ikapatikana, chai ya tangawizi ikanywewa, viazi vya kukaanga vikaliwa, na alasiri mbingu ikajifungua kama gunia lililochanika. Maziwa ya alasiri yalikuwa tayari mitungini. Hayasubiri mtu.

Sasa adabu inasema nini? Mkwe yuko barazani, hana usafiri, na wewe unapita mlangoni kwake. Inasema mkaribishe. Bu Lasmi akamkaribisha, na nusu ya moyo wake ilifanya hivyo kwa heshima. Nusu ya pili ilisema: panda, baba, uonje upishi wako.

"Twende wote, Pak. Napita pale pale kwako."

Pak Darsono akatazama mbingu. Akatazama tairi la nyuma. Akameza mate, watu wakasikia.

"Inggih, Bu."

Akapandishwa katikati ya mitungi, miguu imetanuka juu ya mifuniko kama mama anayezaa. Koti la Bu Lasmi ni lile la popo, pana, dereva hutoa kichwa mbele na abiria hufunikwa na pindo la nyuma, haoni mbele wala pembeni. Anaona giza la plastiki na mgongo wa dereva, basi. Na ndimu ya Jumapili, kufika Ijumaa, ilishakata roho.

"Tumefika wapi, Bu?" sauti ikatoka ndani ya koti.

"Msikitini, Pak."

"Polepole kidogo, kama si usumbufu."

"Nikipunguza tena tutaanza kurudi nyuma."

Kisha mzee akaanza kusoma dua, taratibu, pua ameibana kwa vidole, ikawa kama dua ya bata. Bu Lasmi alihisi pumzi za moto mgongoni na akafa kwa karaha kutoka shingoni hadi kiunoni. Alitamani kukohoa, alitamani kumtikisa aanguke kama kupe.

Kwenye kona ya kwa muuza nyasi lori la mchanga likatokea chini, limechukua barabara yote kana kwamba imeandikwa jina lake. Bu Lasmi akabana ukingoni, ambako supu ni nzito. Akagusa breki ya mbele, kichwa cha mtoto aliyelala, hakuna dereva angeigusa vizuri zaidi, hata mimi. Tairi halikusikia. Gurudumu la mbele likaondoka zake, la nyuma likaja kulitafuta, na wakwe wawili ndani ya koti moja wakaenda kifudifudi juu ya lami kama kambale kwenye kapu, mpaka mtaroni.

Mtaro wa Gumuk, mwezi huo, ni wa kufika kiunoni.

Mtungi mmoja ulifunguka. Maziwa yakateremka meupe juu ya ile kahawia, yakachora mistari mizuri kabisa, kisha yakawa rangi moja nayo. Bu Lasmi alikuwa ameketi humo. Mlikuwa mna majani yaliyocheuliwa, mna unyoya wa kuku, mna kitu laini kilichomsogea pajani ambacho hakutaka kukijua. Pak Darsono akatoka chini ya koti kwa kutambaa. Masharubu yake yalikuwa yamepakwa vizuri, pande zote mbili, kama kwa brashi.

Dereva wa lori akachungulia dirishani. "Wazee, mko salama?"

"Inggih," wakajibu wote wawili pamoja.

Lori likaenda zake. Na hapo, akiwa bado amekaa ndani ya mavi, ameulizwa kama yu salama na amejibu ndiyo ya kupiga magoti, Bu Lasmi akasikia kitu kimekatika ndani yake. Akalitazama tairi la mbele. Ngozi ilikuwa imebanduka kipande kirefu, ua la petali nne linaning'inia kama sikio la mbuzi.

"Pak Darsono," akasema, "matairi yako ni uchafu."

Hakuongeza samahani. Akangoja. Aliiona harusi ya Retno ikiondoka na maji ya mtaro, tausi na keki na yote. Mzee akapangusa mdomo kwa kiganja, akaona kiganja ni kibaya zaidi, akatema, akatema tena.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Bu, nani anayaendesha yale? Nawachongea watu wa mikokoteni ya nyasi. Pikipiki yangu mimi ina matairi ya dukani. Yale nilikuchongea kwa kutazamwa. Nilijua utayaweka sebuleni juu ya kabati, kama watu wanavyoweka sahani za Kichina. Yana utepe. Nani anafunga utepe kitu cha kuendeshea?"

Bu Lasmi akamkodolea macho. "Na ulipoona nimeyafunga, mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Nikwambie nini? Mkwe amevaa zawadi yangu mbele ya kijiji kizima. Nimwambie vua, umekosea, hujui kitu? Mimi nasimama pale kila asubuhi nimeshika kifua. Nikisikia mlio wa pikipiki umepita kona ya chini ndipo nakunywa chai."

"Nilidhani unajivuna."

"Nilikuwa nakuombea."

"Mbona ukiniuliza vipi matairi..."

"Nilitaka useme mabaya. Nikiuliza, unasema mjusi. Nikauliza tena, mjusi. Nikasema labda huyu mama ana kipaji."

"Na leo umepanda."

"Umenikaribisha, Bu."

Kichefuchefu kilichompanda Bu Lasmi hapo hakikupitia puani. Alimtazama mzee, akajitazama yeye, watu wazima wenye mvi, wamebebana mpaka mtaroni kwa adabu. Mtoto wa miaka minne anajua kusema kitu kibovu. Mbwa anajua.

"Tungekufa hapa, Pak, na matangani watu wangesema tulikuwa wapole sana."

"Wangesema."

"Na harusi?"

"Harusi imefanya nini? Watoto hawakuanguka."

Wakaitoa pikipiki mtaroni, mmoja akivuta, mmoja akisukuma, mtungi mmoja mzima na mmoja mtupu. Wakaikokota hadi njia panda. Waliojikinga na mvua kwenye vibanda vya soko walianza kuwasalimu, wakageuza salamu wakaifanya kikohozi. Koh Liang aliwaona kwa mbali, akaja mbio mlangoni, mikono ameitandaza kama anazuia bata.

"Hapo hapo. Nawahudumia nje. Bu Lasmi, siku za soko ngapi zimepita? Matairi yako bado yapo, nimekataa kuwauzia watu."

Kabla hajajibu, Pak Darsono alikwisha ona tairi lililompendeza kwenye rundo la nje, akalivuta kwa mikono ile ile. Nene, lenye vinundu vikubwa.

"Haya, Bu. Hili lina meno kama mamba. Nakununulia mimi, yote mawili, ni wajibu wangu."

Koh Liang akatazama alama za vidole juu ya mali yake, akafumba macho.

Bu Lasmi akafungua mdomo. Inggih ilikwisha panda, ilifika kwenye meno, tamu, laini, imelowa. Akaisikia jinsi ilivyo. Akaimeza kama mtu anavyomeza kohozi mbele ya wageni.

"Hapana, Pak. Hayo ni ya shambani, kwenye lami yanateleza. Nataka yale niliyochagua."

Pak Darsono akabaki na tairi mikononi. Hakuna mama mkwe aliyemwambia baba mkwe mwenzake hapana kule Gumuk, si kwa sauti, si mbele ya Mchina. Mvua ikaendelea kunyesha. Hakuna aliyekufa.

"Haya," mzee akasema mwishowe, akalirudisha tairi kwenye rundo, taratibu. "Haya basi, Bu."

Koh Liang akamtuma fundi wake, naye akayafunga yale ya miba ya samaki huku anapumulia mdomoni. Akajaza upepo kama inavyotakiwa, wala hakupunguza, eti kwa ajili ya mvua, kama wafanyavyo wajinga. Yale ya batiki akayatupa pembeni kwa ncha ya kiatu. Pak Darsono akayaokota, akalining'iniza moja bega hili, jingine bega lile, la mbele likiwa na sikio lake.

Mtungi mmoja ulikuwa bado na maziwa, na kituo kinafunga. Bu Lasmi akavaa koti lake, akaiwasha pikipiki, akaizungusha kidogo pale njia panda kwenye maji. Ilishika. Akasimama mbele ya mkwe wake, akainua pindo la nyuma la koti.

"Panda, Pak. Mpira ni mpya, na kwako si mbali."

Mzee akalitazama lile giza la plastiki. Pua yake ikacheza. Midomo yake ikajipanga kwa ile inggih, ukaona imefika, ukaona anaitafuna.

"Hapana, Bu," akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu ambacho hajalipia, na akaondoka kwa miguu kwenye mvua.